Mama Mvuke na Seti Mbili za Tumbo

Kwa miaka ishirini na mmoja aliwahudumia watu waliochomwa, waliodungwa na waliopigwa risasi za tumbo, na hakuwahi kuliona hata tumbo moja. Chumba chake kilikuwa nyuma ya chumba cha upasuaji. Hakikuwa na dirisha, ila matundu mawili ukutani yenye vilango vya bati vya kuteleza: moja la kupokelea vyombo vichafu, la pili la kutolea visafi. Katikati alikuwa yeye, sinki mbili, meza ya chuma, na mashine ya mvuke iliyokaa kama tenki la maji lililolazwa ubavu. Kutwa nzima aliosha, akapanga, akafunga, akapika. Ndiyo maana wote pale wakamwita Mama Mvuke, na jina la kwenye kitambulisho likabaki la kusainia likizo.

Habari za upande wa pili wa ukuta alizipata kwa sista wa upasuaji, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha wagonjwa, ambaye kila siku saa nne alikuja kunyweshwa chai mle ndani.

"Leo tumemshona mtu wa pembe," sista angesema akivua kofia.

"Pembe ya nini?"

"Ya ng'ombe, mama! Ulidhani ya ndovu? Alimgeuzia mgongo mnyama anayemkama kila siku. Ng'ombe naye kamkumbusha kuwa yeye si mke wake."

Wangecheka, halafu wangenyamaza, kwa sababu siku nyingine habari hazikuwa na pa kucheka. Kulikuwa na kijana wa chupa iliyovunjwa kwa ajili yake. Kulikuwa na mpiga rangi aliyetoka juu ya ngazi akaangukia uzio wenye ncha. Kulikuwa na mlinzi wa risasi. Daktari alisema risasi ni mgeni asiyejua mlango, ikiingilia kiunoni waweza kuikuta imelala kwenye ini. Na kulikuwa na yule mama aliyeapa kwamba aliangukia kisu cha jikoni.

"Kisu gani hicho," sista alisema siku ile bila kugusa chai yake, "kinachomwangukia mtu mara nne?"

Kutokana na chai hizo Mama Mvuke alijikusanyia elimu yake, akaigeuza mahubiri. Mtaani kwake hakuna aliyekuwa hayajui. Chuma kilichoingia mwilini hakichomolewi. Kifungwe kisitikisike, mtu apelekwe nacho hospitali, maana huenda ndicho kilichoziba damu. Utumbo uliotoka nje haurudishwi kwa mkono. Funika kwa kitambaa safi kilicholowa. Na mdomo usipokee kitu, chakula wala maji, hata mtu alie machozi ya damu. Aliyasema kwenye foleni ya bomba, akayasema harusini watu wakiwa wanakula, mpaka bwana mmoja akasukuma sahani.

Aliyemcheka kuliko wote alikuwa mdogo wake, muuza nyama.

"Dada, wewe unayasikia matumbo kwa masimulizi," angesema akinoa kisu, wateja wakiwa wamejaa. "Mimi nimeyashika tangu ndevu hazijaota. Nitolee utumbo hapa nifumbe macho, nitakwambia ni wa mbuzi au wa ng'ombe, na alikula nini juzi."

"Na wa kwako je?"

"Wa kwangu ulikula ugali wa wifi yako. Sogea, mama mkwe ahudumiwe."

Kila mwanamke aliyemzidi umri alikuwa mama mkwe. Mtu mzima na watoto watatu, lakini utani haukumtoka. Wazazi wao walipokufa yeye alikuwa na miaka tisa na dada yake kumi na tisa, na dada ndiye aliyemwogesha, akamsomesha hadi alipokataa kusoma, akaenda mwenyewe kumwombea kazi ya kufagia buchani. Mama Mvuke hakuzaa. Alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu mmoja, na huyo mmoja alikuwa ana upara.

Lile duka lilikuwa na sheria moja ambayo ndugu yake aliiheshimu kuliko mizani. Kisu kikitoboa utumbo wakati wa kuchinja, harufu haifichiki. Nyama yoyote kitakayoigusa imeharibika. Kwa hiyo muuza nyama hunusa kisu. Yeye alikinusa kila kisu kabla hakijagusa mnofu, kama mtu anayeonja chumvi, na kwa miaka kumi na tano pua yake haikuwahi kumdanganya.

Ijumaa asubuhi alikuwa akichambua paja, akivuta kisu kuelekea kwake kama wafanyavyo wote. Ncha ikagonga fundo la mfupa, ikateleza, ikamwingia chini ya kitovu, kushoto kidogo. Alikitoa kabla hajafikiri. Alipoinua aproni akaona tundu la ukubwa wa kifungo cha shati, na damu kidogo, pungufu hata ya anayotoa mtu akijikata kwa kunyoa.

Akakinusa kisu.

Kilinuka nyama mbichi na plastiki ya aproni. Hakuna kingine. Akakigeuza, akanusa upande wa pili. Kisha akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akabandika plasta, akamaliza paja lile, maana mteja wake alikuwa amesimama anangoja. Mkewe tu ndiye aliyeambiwa, jioni, tena kwa kuapishwa: dada asijue. "Nikimwambia huyo, kesho nitakuwa mfano kwenye foleni ya bomba."

Jumamosi Mama Mvuke alipita dukani. Alimkuta ameegemea gogo la kukatia, ana jasho, uso umekunjamana kama nguo iliyofuliwa ikasahauliwa kwenye beseni.

"Una nini wewe?"

"Tumbo la kuhara."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya kula. Dada, utanihoji mpaka ninavyokwenda chooni?"

Akampimia nusu kilo, hakufanya utani na mteja hata mmoja, na Mama Mvuke akaondoka. Hilo la utani alikuja kulikumbuka baadaye. Wakati ule aliona tu kwamba nyama ina mifupa mingi.

Sasa lazima isemwe juu ya seti. Kumfungua mtu tumbo kunahitaji vyombo sitini na kitu: visu, mikasi, vibanio vya kukamatia mishipa, vyuma vya kutandulia ngozi, vyote vimefungwa pamoja kwenye vitambaa viwili. Hospitali ile ilihudumia watu wa wilaya nzima na ilikuwa na seti mbili za tumbo. Mbili. Wakati mmoja anapasuliwa kwa ya kwanza, ya pili ipo mashineni. Mgonjwa wa tatu alitakiwa awe na adabu ya kungoja kuumia.

Na mashine za mvuke zilikuwa mbili pia, ila moja ilikufa miaka mitatu nyuma, ikabaki kuwekewa glasi za chai. Ile iliyo hai ilivuja mlangoni. Ilikuwa na mpira mweusi unaozunguka mlango, kama ule wa kifuniko cha jagi, nao ulikuwa umechanika mahali pawili. Mama Mvuke aliandika barua nne. Ya kwanza ilijibiwa kwamba ombi limepokelewa. Ya pili ikajibiwa kwamba linashughulikiwa. Ya tatu iliulizwa ilikuwa inahusu nini. Ya nne haikujibiwa, na wiki ileile jengo la utawala likapakwa rangi upya, nje tu, upande unaoonekana na barabara. Haikuwa inaombwa mashine ya kwenda mwezini. Ulikuwa mpira wa mlango.

Sheria ya mashine ni hii. Mshale wa presha ukifika kwenye mstari mwekundu unaanza kuhesabu dakika thelathini. Ukishuka chini ya mstari, hata kidogo, hesabu imekufa. Upandishe presha tena, uanze moja. Baada ya hapo vyombo vikaushwe, kwa sababu kitambaa chenye maji hupitisha vijidudu kama chandarua kinavyopitisha upepo. Mwaka wake wa tatu kazini, daktari mmoja alimpigia kelele, naye akafungua mapema. Seti ikatoka mbichi. Mgonjwa alikuwa binti wa kidonda cha mkuki wa kuvulia samaki, amepasuliwa vizuri, ameamka, anaongea. Siku ya sita kidonda kikatoa usaha, siku ya kumi na mbili akafa. Hakuna aliyemlaumu Mama Mvuke, kwa sababu hakuna aliyejua, isipokuwa yeye. Tangu siku hiyo hakufungua mapema. Madaktari wakuu walibisha hodi, wakatukana, wakaenda.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, seti moja ilikuwa upande wa pili ikimfanyia kazi mwashi aliyeangukia nondo. Wenzake waliikata nondo kwa msumeno wakamleta nayo tumboni, na sista alikuwa amewasifu kwa kutoichomoa. Seti ya pili ilikuwa ndiyo kwanza imeingia mashineni. Mlango wa ukumbini ukagongwa, mlango ambao hakuna mtu wa nje aliyeruhusiwa kuugonga. Alikuwa wifi yake, kitambaa cha kichwa kiko begani.

"Wifi, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Kuna nini?"

"Aliniapisha. Alijichoma Ijumaa. Hapa," akaonyesha kwenye tumbo lake mwenyewe. "Usiku mzima anatapika. Tumbo limekuwa gumu kama ubao, ukimgusa anapiga yowe. Yuko mapokezi."

Mama Mvuke alitaka kukimbia. Aliivua hata glavu moja. Kisha akautazama mshale, ambao ulikuwa unapanda, na akakumbuka kwamba hakuna mtu mwingine wa kuutazama. Mwenzake alikuwa amehamishwa mwaka jana, na nafasi yake haikujazwa.

"Nenda kakae naye," akasema. "Usimpe maji. Akikulilia, usimpe."

"Nimeshampa, wifi. Alfajiri. Aliniomba kwa jina la mama yake."

Mama Mvuke akaivaa tena glavu yake.

Daktari wa upasuaji alikuja mwenyewe baada ya robo saa. Kijana mrefu, mpole, mwenye macho ya mtu anayelala kwa zamu. Alisimama mlangoni, barakoa imening'inia shingoni.

"Mama, nimeambiwa ni mdogo wako."

"Ni mwanangu."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Utumbo umetoboka. Uchafu umemwagika ndani siku tatu. Tumemwekea dripu mbili, dawa za mshipani, mpira wa puani, mpira wa mkojo. Lazima nimfungue, nimsafishe, nione pa kushona. Seti gani ipo?"

"Kisu hakikunuka," alisema Mama Mvuke. Wifi yake alikuwa amemsimulia la kunusa pale mlangoni, na hilo ndilo lililokuwa halimtoki.

"Tundu lilikuwa dogo, mama. Kisu kikitoka kinajifuta kwenye nyama na nguo. Utumbo nao unateleza, unajificha, unavuja polepole. Ng'ombe anayechinjwa hana kesho, kwa hiyo muuza nyama haoni kinachotokea kesho." Akapangusa uso. "Seti, mama."

"Ya mwashi?"

"Msaidizi wangu bado yumo ndani ya tumbo la mwashi. Saa nzima bado, na baada ya hapo ni chafu."

"Basi ni hii. Dakika ya tisa."

"Ikiiva, nipo."

Mshale ulikaa kwenye mstari. Dakika ya kumi na mbili. Ya kumi na tano. Aliyapanga makasha ambayo yalikuwa yamepangwa. Alisikia machela ikipita ukumbini, gurudumu moja likilia, na sauti ya mtu akisema "Taratibu, jamani, mimi si gunia," sauti aliyoijua tangu haijabalehe. Alifungua mlango kwa upana wa uso. Walikuwa wamemsimamisha pale pale, karibu na mlango wa upasuaji, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kumweka. Midomo ilikuwa imekauka na kuchanika. Upara unang'aa jasho.

"Dada," akasema, "usianze kuhubiri."

"Sihubiri."

"Basi nimekwisha," akasema, akajaribu kucheka, na kicheko kikamkata tumbo, akafumba macho.

Aliugeukia mshale. Ulikuwa umeshuka.

Si sana. Unene wa ukucha chini ya mstari. Mlangoni mwa mashine, pale mpira ulipochanika, mvuke ulikuwa unatoka kwa sauti nyembamba, kama mtu anayefyonza jino. Ilikuwa dakika ya ishirini na mbili. Alibonyeza kitambaa kwenye mpasuko, akaongeza moto, mshale ukapanda taratibu, ukarudi kwenye mstari kana kwamba haukuwahi kuondoka.

Hakuna aliyeona. Saa ya ukutani ilisema dakika ya ishirini na nne. Angeweza kuendelea kuhesabu, ishirini na tano, ishirini na sita, akakausha haraka, akatoa. Angeweza. Sista aliingia wakati huo, na akaelewa kwa kumtazama tu.

"Imeshuka?"

"Imeshuka."

"Kiasi gani?"

"Imeshuka, sista."

Sista akafunga mlango nyuma yake na kuongea kwa sauti ya chini ambayo hakuwa nayo siku zote. "Sikiliza. Tumbo lake limejaa uchafu tayari. Vijidudu viwili vitatu vya kwako vitamfanya nini? Ni kumwaga kikombe baharini. Nipe hiyo seti, nitasaini mimi."

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu huenda sista alisema kweli. Mama Mvuke hakuwa daktari. Alijua mstari mwekundu na alimjua binti wa mkuki. Alijua pia kwamba nyuma ya ukuta ule mtu aliyembeba mgongoni alikuwa anageuka rangi. Aliweka mkono kwenye gurudumu la mlango. Lilikuwa la moto, akauacha mkono palepale mpaka ukaungua.

"Nikimpa mbichi nitakuwa nimemwua kwa mkono wangu," akasema.

"Na ukingoja?"

"Nikingoja sijui."

Akarudisha hesabu mwanzo. Moja.

Dakika arobaini zilizofuata, za kupika na za kukausha, hakuwa na la kufanya. Daktari alikuja, akasikia, akapiga ngumi ukuta, si kwa hasira na yeye. "Mpira!" akasema. "Mpira wa mlango!" Kisha akaenda kumwongezea mgonjwa dripu. Wifi aliita mara mbili kutoka ukumbini, "Wifi, bado?" na mara zote mbili akajibu "Bado." Mshale haukushuka tena. Alipotoa seti ilikuwa kavu, imara, vitambaa vimenyooka. Kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Akaipitisha tunduni kwa mikono miwili, na sista akaipokea.

Walimfungua, wakamsafisha kwa maji chupa baada ya chupa, wakashona matundu mawili ya utumbo na kuutoa utumbo wenye tundu la tatu nje ya ubavu ili upumzike. Jumanne aliwatambua watu. Jumatano presha ikaanguka, figo zikagoma, na alasiri, wakati Mama Mvuke akifunga seti ya mtu mwingine, sista alikuja kusimama mlangoni bila kofia na bila kicheko.

Daktari alimwita ofisini kwake kabla hajaenda nyumbani. Alimwekea kiti.

"Siku tatu ndizo zilizomwua, mama. Uchafu ulishaingia kwenye damu kabla hajafika hapa. Na zile dakika arobaini, hata sisi tulikuwa bado tunamjaza maji apate nguvu ya kulazwa mezani."

"Kwa hiyo hazikumfanya kitu."

Daktari alifungua mdomo. Alikuwa kijana mkweli, na ukweli ulimchelewesha.

"Sijui," akasema.

Msibani alikaa na wafiwa, watoto watatu wakimzunguka, shangazi huku, shangazi kule. Siku ya pili wifi yake alikuja na sufuria ya maji ya kuoshea vyombo, akachuchumaa kando yake, wakaosha pamoja. Mwishowe wifi akasema, akiwa ameangalia sahani:

"Mama mmoja wa wodini ameniambia vifaa vilikuwepo siku ile. Kwamba wewe ndiwe uliyevizuia."

Mama Mvuke alianza kueleza. Mstari mwekundu, mpira, mshale kushuka, kitambaa kibichi. Alieleza vizuri, alikuwa amekwisha kujieleza mwenyewe kwa siku nne. Wifi alisikiliza yote, akisuuza sahani ileile.

"Kwa hiyo ungeweza kufungua."

"Ningeweza."

"Angepona?"

"Sijui, wifi."

"Na mimi nilimpa maji," wifi akasema. "Na mimi nilinyamaza tangu Ijumaa kwa sababu aliniapisha." Akanyoosha mkono, akachukua sahani nyingine, akaiosha, akampa Mama Mvuke aisuuze. Hakumwangalia. Hakuondoka pia.

Mtoto wa mwisho akaja kuuliza kama chakula kimeiva. Wakamjibu kwa pamoja, "Bado," na wote wawili mikono ikasimama ndani ya maji.